Nani Aliyesafiri? Mwanamke wa Msafara katika Nathari ya Safari ya Kiswahili

Nathari ya safari ni mojawapo ya tanzu kongwe kabisa za maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kirumi. Kabla riwaya haijapata umbo lake katika lugha hii, Waswahili walikuwa wamekwisha kuandika habari za njia, vituo, hongo, maradhi na mila za watu waliokutana nao. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko unaojulikana kwa jina la Safari za Wasuaheli. Humo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, Sleman bin Mwenye Chande anasimulia mwendo wake wa bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anaeleza aliyoyaona kwa Wadoe na Wazigua. Miaka michache baadaye yakachapishwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Maandishi haya yamekuwa nguzo ya somo la historia ya nathari katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, na wahakiki wamekwisha kuyachambua kwa upande wa msamiati, lahaja, na uhusiano wa msimulizi na Mdachi aliyempa kalamu. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo limepitwa kwa kimya. Katika mkusanyiko wote huo hapana mwanamke hata mmoja asemaye "safari yangu."

Jawabu la mazoea ni kwamba mwanamke wa pwani hakusafiri. Alitawa nyumbani, alivaa buibui, na aliachia mume na ndugu habari za bara na bahari. Jawabu hilo lina sura ya ukweli kwa mabinti wa nyumba chache za waungwana, lakini likitumiwa kuieleza jamii nzima ya misafara huwa ni uwongo. Utafiti wa Stephen Rockel, uliotolewa kwanza kwa makala mwaka 2000 na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya upagazi, umedhihirisha kwamba wanawake walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara ya karne ya 19 katika nchi iitwayo leo Tanzania. Walikuwamo wake wa wapagazi, wapenzi wao, watumwa, na wengine waliojiunga na safari kwa shauri lao wenyewe. Walichukua vyungu, mahema, nafaka na watoto; pengine walichukua mizigo ya malipo. Walipofika kambini wanaume walitua mizigo na kuketi. Wao ndipo kazi yao ya pili ilipoanza. Basi ikiwa walikuwamo njiani, mhakiki hana budi kuuliza kwa nini hawamo katika matini, au, ikiwa wamo, kwa nini hawaonekani.

Sehemu ya jawabu imo katika sarufi yenyewe. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Katika ngeli ya kwanza na ya pili mwanamume na mwanamke huvaa kiambishi kimoja, na sifa hii imewahi kusifiwa, si bila ya haki, kuwa ni uungwana wa lugha. Lakini tutazame sentensi ya kawaida ya masimulizi ya safari, mathalan: "Wapagazi walifika, wakatua mizigo, wakateka maji, wakapika, wakalala." Hakuna kinachomzuia msomaji kuona wanawake humo. Wala hakuna kinachomlazimisha kuwaona. Msomaji huijaza sentensi kwa mazoea yake, na mazoea yake ni kwamba mpagazi ni mwanamume. Hata vitendo ambavyo kwa desturi ya pwani ni vya wanawake, kama kuteka maji, havimshtui. Huvipokea kama sehemu ya "wa-" ile ile. Mfasiri wa Kizungu akija humaliza kazi, maana lugha yake humdai kiwakilishi mtu anapokuwa mmoja, naye hutoa cha kiume. Hivyo mwanamke katika nathari ya safari huonekana pale tu anapotiwa alama: mke wa fulani, kijakazi wa fulani, mwanamke aliyetoroka. Alama hiyo humtoa katika kundi la wasafiri na kumweka katika kundi la mali au la matatizo. Wapagazi wanaposafiri husemwa kwa wingi, na mwanamke akitajwa peke yake, aghalabu ni kwa sababu pamezuka fujo.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni Halima, na yafaa kukaa naye kidogo. Halima alikuwa mpishi wa David Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wake. Habari zake zimo katika shajara za mwisho za Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mnamo Mei 1, 1873, watu wake waliukausha mwili wake na kuuchukua kwa miguu hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Halima alikuwamo. Alikuwamo pia Ntaoeka, mke wa Chuma, na alikuwamo msichana aitwaye Losi, ambaye hakufika: aliumwa na nyoka njiani akafa. Safari hiyo imeandikwa mara nyingi kuwa ni ya Susi na Chuma. Hao wawili walipelekwa Uingereza mwaka huo wa 1874, wakamsaidia Waller kwa kumbukumbu zao. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya Nasik huko India, aliusindikiza mwili hadi London na kuacha shajara yake mwenyewe. Halima hakupelekwa wala hakuulizwa. Tunayoyajua juu yake yametoka katika kalamu ya bwana wake na ya mhariri wa bwana wake.

Hata hivyo kalamu hiyo imehifadhi jambo moja ambalo Mswahili humsoma Halima vizuri zaidi kuliko alivyoweza kumsoma Livingstone. Mwaka 1872, msafara ukiwa Unyanyembe, Halima aligombana na Ntaoeka akaondoka. Livingstone anaandika kwamba alitoroka, na kwamba yeye alituma barua kumfuatia. Kumbe Halima alirudi mwenyewe, akasimama nje, akataka tu bwana atoke na kumwambia aingie. Livingstone akatoka, akamwambia, na baadaye akampa nguo nzito ya baridi; tena akaandika kwamba katika watu wake wote hapana aliyemfaa kama yeye, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba.

Mhariri wa Kiingereza na wasomaji wake wameliita tendo hili kutoroka, na kurudi kwake wakakuona ni utiifu. Kwa Kiswahili tendo hili lina jina lake, nalo ni kususa. Anayesusa hatoroki. Anaondoka mahali ambapo kuondoka kwake kutaonekana, anangoja abembelezwe, na akibembelezwa hurudi akiwa na daraja kubwa kuliko aliyoondoka nayo. Nguo ile haikuwa sadaka, na kule kuitwa aingie hakukuwa jambo dogo: mzungu mkubwa wa msafara alitoka nje ya nyumba kumwita mpishi wake. Na ahadi ya nyumba na shamba inafuata papo hapo katika maandishi, yaani baada ya kususa, wala si kabla. Haya hayasemwi ili kumfanya Halima shujaa wa kubuni. Yanasemwa kwa kuwa matini iliyoandikwa kwa Kiingereza, kuhusu watu waliokuwa wakisemezana zaidi kwa Kiswahili, haiwezi kuhakikiwa sawasawa bila ya kurudishwa katika lugha iliyozungumzwa. Hapa mtaalamu wa Kiswahili ana kazi ambayo mwanahistoria peke yake hawezi kumfanyia.

Itadaiwa kwamba Halima alikuwa mtumwa, hakuchagua njia, na kwa hivyo hastahili kuitwa msafiri. Kwamba msafiri ni yule aliyetaka kwenda. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ingalitumiwa kwa wote. Chuma naye alitoka utumwani. Selim bin Abakari alikwenda Siberia kwa kuwa bwana wake Mdachi alikwenda Siberia, na hapana mhakiki aliyemnyima jina la msafiri kwa sababu hiyo. Maadam utumishi haukumwondolea mwanamume sifa ya kusafiri, hauwezi kumwondolea mwanamke. Tofauti baina ya Selim na Halima haikuwa uhuru wa miguu. Ilikuwa ni kwamba Selim alikutana na mtu aliyemwambia: andika.

Salme binti Said aliandika bila ya kuambiwa na mtu, na yaliyompata yanafundisha kwa njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1844 Unguja, binti wa Sayyid Said, na hati alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu chake cha kumbukumbu kwa Kijerumani. Kitabu hicho kimesomwa zaidi kwa ajili ya habari za jumba la kifalme, kana kwamba mwandishi ni dirisha la kuchungulia ndani. Iliyo ya maana zaidi kwa utanzu wa safari ni ile kazi yake ya pili, barua za nyumbani, ambazo hazikuchapishwa uhai wake. Zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo mwanamke wa Unguja anaieleza Ujerumani kwa rafiki aliyebaki Unguja: baridi, watumishi, chakula, namna watu wanavyotazamana barabarani. Hilo ndilo jicho lile lile ambalo Selim aliwatazama nalo Warusi. Lakini Selim anasomeshwa katika madarasa ya Kiswahili, na Salme anaachiwa idara za historia na za Kijerumani, kwa sababu tu lugha aliyoshika kalamu nayo haikuwa ya kwake. Uamuzi huo unafaa utazamwe upya. Mtu aliyewaza ugenini kwa macho ya Unguja, akimwandikia msomaji wa Unguja, ana haki ya kukaa karibu na Selim hata kama anakaa kwa tafsiri.

Jina ambalo Kiswahili kilimpa mwanamke aongozaye msafara lilipatikana, kwa kejeli ya historia, kwa ajili ya mzungu. May French Sheldon, Mmarekani, alisafiri mwaka 1891 kutoka Mombasa hadi Taveta na Ziwa Chala, akiwa na wapagazi zaidi ya 100. Wapagazi wakamwita Bibi Bwana, naye akalipenda jina hilo akalivaa kama nishani. Kwake lilikuwa sifa. Kwa mwanaisimu ni ushahidi wa pengo: lugha ya njiani ilikuwa na kirangozi, mnyapara, mpagazi, askari, na bwana, haikuwa na neno la mwanamke mwenye msafara, ikabidi iunge majina mawili yanayopingana. Mwaka 1892 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpokea pamoja na wanawake wengine wachache. Mwaka 1893 chama kikaufunga mlango, na kikaufungua tena 1913. Mlango huo haukufikiriwa hata siku moja kuwa unamhusu mwanamke aliyebeba kisanduku.

Tabia ya kuhesabu walio wa kwanza imeendelea hata zama hizi. Sophia Danenberg, Mmarekani mweusi, alifika kilele cha Everest mwaka 2006. Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia na raia wa Afrika ya Kusini, mwaka 2019. Hizi ni kazi kubwa na hazipunguzwi thamani na neno lolote litakalosemwa hapa. Ila mhakiki akumbuke kwamba cheo cha "wa kwanza" hutolewa na daftari, na mwendo ambao haukutiwa daftarini hauna wa kwanza wala wa pili.

Kwa Halima daftari lilifunguliwa mwaka 2019, nalo ni riwaya. Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa Out of Darkness, Shining Light, ambamo kuuchukua mwili wa Livingstone kunasimuliwa na watu wawili, Halima na Jacob Wainwright. Halima wa Gappah ni mtoto wa suria wa Unguja, ana ulimi mkali, ana masengenyo, anawapima wanaume wa msafara mmoja mmoja kama apimaye mchele. Sauti yake ndiyo ushindi wa riwaya hii. Jacob kwa upande wake anaandika Kiingereza cha misheni, kizito, chenye kujiona. Na kwa kuwakutanisha wawili hawa Gappah anafaulu kuonyesha kwamba ndani ya msafara mmoja mlikuwa na safari mbili, ya mwenye kusoma na ya asiyesoma.

Lakini umbo la kitabu lina kasoro ambayo haifai kufichwa kwa heshima. Halima anasimulia hasa mambo ya kambini, kifo na matayarisho yaliyokifuata. Mwendo wenyewe, kutoka kwa Chitambo hadi pwani, kwa sehemu yake kubwa umekabidhiwa Jacob. Yaani pale safari inapoanza, mwanamke anaacha kusema. Mwandishi anaweza kutetewa: shajara ya Jacob ipo kweli, na riwaya ya kihistoria huelemea palipo na karatasi. Hata hivyo kuelemea huko ndiko kulikomnyamazisha Halima tangu 1874. Riwaya inayokusudia kumtoa kizani inamrudisha jikoni kwa nusu ya pili ya kazi, na inamwachia mwanamume barabara. Ingalikuwa jambo la ushupavu zaidi kumpa Halima mito, mvua na njaa, na kumwachia Jacob kambi na sala zake.

Liko tena suala la lugha. Halima wa riwaya anazungumza Kiingereza, ingawa msomaji anatakiwa aamini kwamba anazungumza Kiswahili. Atakayemfasiri atakabiliwa na uchaguzi ambao Gappah aliweza kuuepuka. Atamsemesha Kiunguja cha uani, chenye mafumbo na mipasho, au kile Kiswahili cha njiani kilichochanganyika na Kinyamwezi na Kiyao? Akichagua cha kwanza atapata utamu na kupoteza miaka ya mwendo. Akichagua cha pili atapata mwendo, lakini wasomaji wa pwani watamwona mshamba. Yumkini Halima wa kweli alikuwa nazo zote mbili, akibadilisha kulingana na aliyesimama mbele yake, na tafsiri iliyo bora itakuwa ile itakayosikika ikibadilika.

Mambo haya si ya mbali kwa idara zilizoko pwani ya Kenya. Magogoni ya Kisauni, bara ya Mombasa (si ile Magogoni ya Dar es Salaam yenye Ikulu na kivuko), haina nafasi katika vitabu vya safari. Lakini imo upande ule ule wa bara yalipo makazi ya Freretown, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana kuanzia mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ambayo kengele yake imeacha jina la Kengeleni hata leo. Freretown ilipokea watu waliotekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakatiwa majahazini, wakakamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Ilipokea pia wale walioitwa Waafrika wa Bombay, wanaume na wanawake waliopelekwa India baada ya kukombolewa, wakalelewa huko, kisha wakarudishwa Mombasa. Mwanamke wa kundi hili la mwisho alikuwa ametembea kutoka bara ya ndani na kuvuka Bahari ya Hindi mara mbili, naye pengine hajafika umri wa miaka 30. Kwa umbali, Selim bin Abakari alikuwa na machache ya kujivuna mbele yake.

Jamii hiyo ilipata mwandishi wake, James Juma Mbotela, ambaye Uhuru wa Watumwa wake ulichapishwa mwaka 1934. Mbotela ni mwana wa aliyetekwa, na kitabu chake kimehakikiwa sana kwa upande wa siasa: anavyowasifu Waingereza na anavyowalaumu Waarabu. Mabishano hayo yana haki yake, ila yamewashughulisha wahakiki hata wasiulize ni kumbukumbu ya nani inayorithishwa humo. Ni ya baba kwa mwana. Wamama wa Freretown wamo katika ile "wa-" ya watumwa, wamo katika kukombolewa na kufunga ndoa, lakini aliyoyaona mama njiani, kwa macho yake, hayakupewa sura yake. Anayekisomesha kitabu hiki katika chuo chochote cha pwani angefaa akisomeshe pamoja na swali hilo, na wanafunzi wake wakalitafute katika nyimbo za ngoma na za unyago zilizobaki kwa wazee wa Kisauni, maana huenda sehemu ya jawabu ilijificha huko.

Hali kadhalika mitaa hiyo ya Kisauni, Magogoni ikiwamo, inao wasafiri wa leo. Ni wanawake wanaokwenda Saudia, Oman na Dubai kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba, na kurudi, na pengine kwenda tena. Magazeti huwataja wanapopigwa, wanaponyimwa mshahara, au maiti inaporudishwa. Dhuluma hizo ni za kweli na hazina budi kuandikwa. Lakini ripota na mtafiti humfikia mwanamke huyu na swali moja tu, "Ulitendwa nini?", na jawabu la swali hilo haliwezi kuwa nathari ya safari. Selim hakuulizwa hivyo. Aliulizwa Warusi wakoje, wanakula nini, wanazika vipi, theluji ni kitu gani. Mwanamke aliyekaa miaka minne Riyadh ameona jikoni, vyumba vya kulala, misiba na harusi za nyumba ambazo hapana msafiri mwanamume wa Kiswahili aliyewahi kuruhusiwa kupita uani mwake. Tena habari hizo amekwisha kuzisimulia, kwa ujumbe wa sauti uliotumwa usiku kwa mama, kwa somo, kwa dada. Zimo katika simu za watu wa Kisauni, kwa Kiswahili, na kila simu inapoharibika zinapotea. Mwalimu atakayewatuma wanafunzi wake huko, kwa idhini ya wenyewe na majina yakisitiriwa, awaagize kwanza waulize ulikwenda wapi, ulipita njia gani, na watu wa huko wakoje.